Kulala na Deraya

Duluth, Januari, chini ya nyumba ya Arvid Tollefsrud.
Meza yetu ni mlango mzee uliolazwa juu ya mapipa;
kitasa hakijang'olewa, bakuli la bisi huegemea hapo, upande.
Nje theluji imefika kwenye magoti ya madirisha.
Ndani ya mchezo tumo pangoni, watu watatu,
na usiku umetukuta na majeraha.

"Nalala na deraya yangu," anasema Marlys.
Hakuna aliyeshangaa. Safari iliyopita
mazimwi yalimkuta na kanzu ya kulalia,
kasisi mzima, mtabanaji wa nuru,
akikimbia pekupeku, dirii kwapani,
kama mtu aliyefumaniwa.
Tulicheka wiki nzima. Yeye alicheka siku moja.

Teemu, miaka kumi na saba, wakili wa kila kanuni,
akadakia: "Basi asubuhi huna tabano hata moja!
Chuma hunywa uchawi. Kila mtu anajua."
"Kila mtu nani?"
"Kila mtu."

Arvid akalamba kidole, akafunua kitabu
ambacho mgongo wake sasa ni tepu tupu,
akasoma polepole, kama anayesoma wasia:
matabano hurudi. Yote. Chuma hakizuii maneno.
Kisichorudi ni mwili.
Robo tu ya nguvu, na uchovu
huamka palepale ulipolala.

Tanuri likakoroma pembeni.
"Yaani," nikasema mimi, mwizi wao wa kufuli,
"ataamka anaweza kuwasha jua kiganjani
na hawezi kuinua mkono wa kulishika?"
"Ndiyo," akasema Arvid. "Namna hiyo."
"Haina mantiki," akasema Teemu.

Marlys alikuwa bado na koti la rangi ya chungwa,
lile lenye mistari inayong'aa gari likikumulika.
Usiku wa nne huo anasukuma theluji kwa lori la jiji,
toka ziwani hadi juu mji unakoishia.
"Mantiki inayo," akasema, akiokota bisi moja asiile.
"Jumanne nililala na buti, simu kifuani.
Saa tisa wakapiga. Kichwani kila kitu kilikuwepo:
kona ipi ina barafu, ua upi una bomba lililofukiwa,
mteremko upi unadanganya. Sikusahau neno.
Ila vidole havikuweza kufunga zipu.
Tangu Roald afe ni hivyohivyo, lori au si lori.
Nalala kitini, na koti. Kitanda siku hizi
kinanitazama kama mtu anayenidai."

Hakuna aliyegusa dadu.

Akaivuta karatasi ya kasisi wake,
akachukua kifutio, akafuta neno moja
akalifuta tena, hadi karatasi ikataka kutoboka.
"Navua. Chapeo, dirii, vyote.
Nani analinda zamu ya kwanza?"
"Mimi," akasema Teemu, kwa haraka iliyomshangaza mwenyewe.
"Ya pili yangu," nikasema, ingawa mwizi wangu
hajawahi kulinda kitu asichotaka kukiiba.

Tukabishana moto uwashwe wapi, moshi utoke wapi,
na tulipogeuka kumuuliza Marlys
alishalala kochini, mdomo wazi, penseli mkononi.
Teemu akapiga magoti sakafuni,
akafungua kamba za buti, moja, kisha nyingine,
barafu bado imo kwenye mafundo,
kwa uangalifu wa mtu anayetegua mtego.
Soksi moja ilikuwa ya kiume, kubwa mno,
imetoboka kidoleni.

Arvid akarusha dadu nyuma ya ukuta wake wa kadibodi.
Ilizunguka muda mrefu, kama isiyotaka kusema.
Akaiona namba. Akaifunika kwa kiganja.
"Usiku unapita," akasema kwa sauti ya chini,
huku simu, mfukoni mwa koti la chungwa,
ikianza kutetemeka.